Kompyuta Iliyotoka Jandoni

Dominika alifumba macho ili asisemeshwe, lakini masikio aliyaacha wazi. Kwenye basi la Newala kwenda Masasi, kiti cha mbele yake, mama mmoja alikuwa amepakata kompyuta iliyofungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga.

"Inaumwa, mama?" aliuliza mzee aliyekaa naye.

"Haiumwi, baba. Imebadilika. Juzi niliiwashia bando nimtumie binti yangu picha, nikaenda kumenya mihogo. Kurudi, imejigeuza toleo jipya. Sura nyingine, mlio mwingine, picha zangu sijui imezificha wapi. Naipeleka kwa fundi airudishe ilivyokuwa."

Mzee alicheka. "Si kama mtoto aliyetoka jandoni? Karudi na jina jipya, la zamani haitikii tena. Wazazi huzoea tu."

Dominika aliona hapo mama kapatikana.

"Mwanangu wa kiume alipokwenda jandoni," mama alijibu, "baba yake alikaa na mimi kwanza, tukakubaliana. Ngoma ikapigwa, wali ukaliwa. Hii nani alinishirikisha?"

"Lakini kompyuta huwa zinauliza, mama."

"Iliniuliza iende leo au kesho. Iende au isiende, haikuniuliza."

Basi lilisimama stendi ya Masasi. Mama aliteremka, akaiweka kompyuta mgongoni na kuibana kwa kanga.

"Na ikigoma kurudi?" mzee aliuliza dirishani.

"Nitapika wali niite majirani," alisema mama. "Ila jina nitaipa mimi."