Batuli Abdala, Aliyeuliza Umepokea Ngapi Mkononi

Wazee wetu, mashehe, majirani, na ninyi wanachama wa chama cha akiba na mikopo mliokaa huko nyuma, shikamooni mnaostahili; anayewasomea ni mjomba Mtoro, maneno ni yangu mimi Adila, mtoto pekee wa marehemu, na mjomba nimemwomba asiruke mstari.

Marehemu Batuli binti Abdala alizaliwa Mkange tarehe 14 Machi 1969, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari hapa Bagamoyo, kisha uhasibu Dar es Salaam alikohitimu mwaka 1992, na tarehe 6 Julai 1996 akaolewa na baba yangu, marehemu Mikdad, fundi cherehani wa Dunda.

Mwaka 2004 aliajiriwa kuwa mhasibu wa chama, ambacho neno riba kililionea haya, hivyo fomu zikaandika asilimia kumi na mbili tu kwa mwaka, huku shilingi elfu hamsini zikikatwa juu kwa juu katika kila milioni kwa jina la ada ya huduma, nawe ukitoka dirishani mama anakuuliza, "Mkononi umepokea ngapi?", ukisema laki tisa na nusu anakukalisha chini akuonyeshe kwamba unarejesha kama uliyepewa milioni nzima, na kwa kuwa deni linapungua kila mwezi unapolipa, riba yako halisi kwa mwaka inapita asilimia ishirini.

Vitabuni nako alitaka ukweli huohuo, kwamba ada ni sehemu ya riba, isiandikwe yote kuwa faida siku mkopo unapotoka, bali isambazwe mwezi kwa mwezi mpaka mkopo uishe, kwa kiwango hicho halisi. Kamati ilitaka iingie yote mara moja, gawio linenepe kabla ya mkutano mkuu.

Februari 2019 walimletea hesabu za namna yao asaini, nami nikiwa chuo kikuu nilimpigia simu nikamwambia, "Mama, si usaini tu, kwani wangapi wanaelewa?", akaniuliza kama nimekula.

Hakusaini, akapeleka za kwake mkutanoni, faida ikashuka kutoka milioni kumi na nane hadi saba, akaachishwa kazi, na mtaani ikasemwa Batuli kazila hizo kumi na moja, mpaka sokoni wakawa wanahesabu chenji yake mara mbili. Mwaka 2022 wakaguzi walirudia hesabu zile, zikalingana na zake hadi shilingi ya mwisho, barua yao ikasomwa kwa kamati peke yake, ikafungiwa kabatini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akafariki Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliompikia uji, na bi Somoe, mfanyakazi mwenzake wa zamani, aliyetuletea nakala ya barua ile, ingawa jana.

Kwa desturi yetu, yeyote anayemdai marehemu aje kwetu atalipwa, nasi tumetafuta na hatujaona deni. Lakini wapo anaowadai yeye, anawadai samahani, na barua nimeibandika mlangoni, mnapotoka mtaisoma. Wa kwanza kudaiwa ni mimi, niliyemwambia asaini.

Nisamehe, mama. Lala salama, hesabu yako ilikuwa sahihi.