Wanasema Rosalie Amerukwa na Akili

Benchi letu liko Kitshanga, mbele ya meza ya kahawa ya Mama Noëlla, pale pikipiki zinaposubiri abiria. Hapa neno "fou", yaani mwenda wazimu, tunaligawa bure. Anayesema vita itaisha kabla ya Noeli ni fou. Anayenunua ng'ombe mwaka huu ni fou. Tunacheka, kahawa inashuka. Lakini asubuhi ile Esdras alikuja kulitaka neno hilo kwa kweli. Alitafuta watu wawili wakaseme mbele ya mchungaji kwamba shemeji yake Rosalie, mjane wa kaka yake Evode, amerukwa na akili, ili afungiwe katika chumba cha maombi siku arobaini, mbali na watoto wake. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuinua mkono. Naona haya kulisema.

— Anasemaka nini sasa? aliuliza Docteur, tunayemwita hivyo kwa sababu zamani aliuza vidonge sokoni.

— Ile ile, Esdras akajibu. Eti Evode haiko mu kaburi. Amekatala nguo ya matanga. Jana amesema ile maneno mbele ya batoto!

— Ni njaa. Njaa ikikawia mu tumbo, inapanda mu kichwa.

— Njaa wapi, Docteur! Shiye bote tuko na njaa.

Huyo alikuwa Radio, dereva wa pikipiki, ambaye hajawahi kukosa habari.

— Ni telefone, akaendelea. Anaishikaka ku sikio siku muzima, na haina hata unité ya kupiga. Inamukula bongo.

— Basi miye nasema ni pori ya Itebero, kule Walikale, Docteur akasema. Muntu akifia kule, sauti yake inabakia mu miti, kiisha inatembea mpaka mu masikio ya bibi yake.

— Kwa hiyo Walikale muzima iko inaongea mu kichwa ya Rosalie? Radio akauliza.

— Muzima! Na Kihunde, na Kinyarwanda!

Tulicheka. Esdras hakucheka.

Mwisho wa benchi alikaa mgeni, Lévi, dereva wa lori kutoka Butembo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunywa kwetu.

— Munisamehe, bapapa. Ule Evode alikufa na nini?

— Alienda kuchimba kule Itebero, Esdras akasema. Shimo ilianguka. Muntu mumoja njo alituma habari.

— Na mulimuleta mpaka huku?

— Njia ilikuwa ya kufungwa, nikamjibu. Kulikuwa mapigano. Hatukumufikia.

— Sasa mu kaburi muko nini?

Mama Noëlla aliacha kumimina. Docteur akajibu polepole:

— Mugomba, kaka. Tulikata mugomba wa urefu yake, tukaufunga mu koti yake, tukauzika na kilio. Muntu akikosekana njo tunafanyaka vile, matanga ipate kuisha.

Siku ile ya maziko mimi nilishika sanduku upande wa mbele. Lilikuwa zito, na maji ya mgomba yalipenya kwenye mbao yakaniloanisha bega. Nilimwita Evode kwa jina lake, nikalia. Sikuigiza. Nililia kama mtu aliyemwona amelala mle ndani.

— Na Rosalie anasema mulizika nini? Lévi akauliza.

Radio alitazama viatu vyake.

— Mugomba.

Nilimwambia Esdras atafute shahidi mwingine, mimi siendi. Nilidhani atakasirika. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono.

— Papa Lévi, akasema. Rosalie akiwa na akili, basi ndugu yangu iko wapi?

Esdras akainua uso, akatuangalia mmoja mmoja, Docteur, Radio, Mama Noëlla, hadi akanifikia mimi, niliyelibeba lile sanduku.