Prudencia Kokushubira Rugemalira, 1997–2025

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, majirani wa Mabatini, na ninyi mliosimama kule nyuma mkijifanya hamlii, familia imempa Renatus, mdogo wa marehemu, kazi ya kusoma karatasi hii, si kwa elimu yake, maana aliacha shule kidato cha pili kwa hiari yake na walimu wakamshukuru Mungu, bali kwa sababu sauti yake haihitaji spika, na hilo hakuna wa kubisha kuanzia hapa hadi Igoma.

Prudencia alizaliwa tarehe 9 Aprili 1997, Kamachumu, wilaya ya Muleba, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Rugemalira na Mama Paskazia, akabatizwa tarehe 20 mwezi huohuo, na mama anasema siku hiyo alilia mpaka padri akaruka sala moja, jambo ambalo waliokuja kumsikia akiimba hawalishangai.

Mwaka 2003 familia ilihamia Mwanza, baba akafungua gereji hapa Mabatini, mama akaanza kukaanga mapanki Kirumba, yale mabaki ya sangara baada ya viwanda kuchukua minofu. Marehemu alisoma shule ya msingi mwaka 2004 hadi 2010, na sekondari kule Ilemela mwaka 2011 hadi 2014, akapata daraja la tatu, ambalo Renatus alilicheka miaka kumi ingawa yeye hana hata la kuchekwa.

Januari 2015 aliingia gereji ya baba, akawa fundi wa kunyoosha bodi na kupiga rangi, na Jumamosi ya tarehe 7 Julai 2018, mafundi walipofunga kazi, alisimama kati ya magari mawili yasiyo na injini, na gitaa la kuazima, fundi mwenzake Chenge akashika besi, Renatus akakalia ngoma, ikazaliwa bendi ya Mapanki, bendi ya panki, ule muziki wa Kizungu wa kelele na kasi, nyimbo za dakika mbili zinazopigwa kama mtu anakimbizwa na nyuki. Waliwahi kukodiwa harusini Ilemela kwa kudhaniwa ni bendi ya dansi, wakasimamishwa wimbo wa tatu, ila bibi yake bwana harusi alikataa kuketi, akaendelea kucheza.

Tarehe 3 Septemba 2019 alijaliwa mtoto mmoja, Kokulinda, ambaye tangu juzi anatuuliza mama atarudi na gari gani. Posa ililetwa Juni 2022 kutoka Bukoba, marehemu akaomba asubiriwe mpaka bendi irekodi, bwana akasubiri miezi mitatu, akaoa kwingine.

Hapa ndipo karatasi ilipotushinda jana, maana historia ya marehemu haiachi nafasi wazi, na kamati ya mazishi ilitaka kujua alikuwa mwimbaji wa Mapanki hadi lini, na Renatus, mwenye majibu ya kila kitu, akauacha mstari huo mtupu.

Oktoba 2024 madaktari walimkuta na tatizo la moyo, akamwapisha mama asimwambie mtu, kwa nini hatujui, mama anasema aliogopa kuhurumiwa, baba anasema aliogopa kukatazwa kuimba, Chenge anasema huenda alisahau tu kuogopa. Mazoezini alikosekana, leo mafua, kesho vumbi la gereji, ndipo tarehe 1 Februari 2025 Renatus akaandika kwenye kundi lao la simu kwamba mwimbaji mvivu hatakiwi, amefukuzwa. Chenge alimkuta gereji akiusoma ujumbe huo, akicheka mpaka akakaa juu ya tairi, akasema, "Mwambie huyo mtoto anapiga haraka mno, apunguze, nipate pa kuvuta pumzi."

Chenge aliufikisha ujumbe neno kwa neno, na mpiga ngoma hodari kuliko wote kando ya ziwa akaona ametukanwa. Jumamosi iliyofuata, tarehe 8, marehemu alikuja kama vile hakufukuzwa, na Renatus akaongeza kasi makusudi, dada yake akaimba mistari minne, akaweka maikrofoni chini taratibu, akaondoka. Alilazwa tarehe 24 Februari, akafariki dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nane mchana.

Basi kamati ikagawanyika, wengine wakitaka tarehe mosi alipofukuzwa, wengine tarehe nane alipoondoka, mpaka Mama Paskazia akasema kwamba wodini, hadi siku ile ya mwisho, binti yake aligonga chuma cha kitanda kwa vidole, polepole, akinong'ona maneno ya wimbo ambao mama hajawahi kuusikia. Kama wimbo huo ulikuwa wa kumsamehe mtu au wa kumsema, Renatus hajui, na hakuna wa kumuuliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa gereji, na majirani waliovumilia kelele karibu miaka saba, ambao tangu Jumanne wanalalamika kwamba mtaa umepoa mno.

Nafasi imejazwa. Alikuwa mwimbaji wa Mapanki kuanzia tarehe 7 Julai 2018 hadi tarehe 11 Machi 2025, saa nane mchana.

Upumzike kwa amani, dada, pasipo wa kukuharakisha.