Taya la Fundi Mkuu

DADA: Haloo, nani mwenzangu?

KIBERITI: Unauliza nani? Bingwa. Mbabe wa gereji nzima, Kiberiti, mdogo wako wa damu. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Sema haraka, niko kazini hospitali, chumba cha picha za siti skani. Nimekuweka spika, mikono ina glavu.

KIBERITI: Basi kaa kitako. Leo nimemlaza Fundi Mkuu.

DADA: Umemlaza vipi?

KIBERITI: Chini. Kama gunia la saruji. Si jana alinizaba kofi mbele ya wateja mpaka sikio likaimba? Leo nikamfuata, tukatazamana uso kwa uso—

[Ngo. Ngo.]

KIBERITI: —haloo? Simu yako inagonga.

DADA: Endelea tu. Wewe na kupigana wapi na wapi? Mama akichinja kuku unajificha chooni.

KIBERITI: Hiyo zamani. Yeye ana spana, mimi mikono mitupu. Nikamwambia, mzee, leo ni leo. Ngumi moja ya kidevu. Damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha gari la mteja.

DADA: Huyo fundi wako ana meno ya chuma?

KIBERITI: Magego ya chini yote, kulia na kushoto. Akicheka utadhani boneti imefunguliwa. Kwani unamjua?

DADA: Nimetoka kumpiga picha sasa hivi.

[Mtandao unakwaruza.]

KIBERITI: ...Yu hai?

DADA: Yu hai. Uso umevimba mpaka jicho limezama. Damu anaitemea kwenye bakuli, kuongea hawezi. Waliomleta walimkuta kifudifudi sakafuni, hawakuona kilichotokea.

KIBERITI: Hawakuona? Hata mmoja?

DADA: Hata mmoja.

KIBERITI: Na hiyo picha inasemaje? Taya limevunjika?

DADA: Haisemi. Ni hayo meno. Mionzi ikikutana na chuma inavurugika, picha inajaa michirizi myeupe kama jua lililochorwa na mtoto. Mfupa wenyewe umefunikwa, siuoni.

KIBERITI: Kwa hiyo ushahidi hakuna.

DADA: Nakueleza habari za taya la mtu, wewe unanitajia ushahidi?

KIBERITI: Nauliza tu, dada, usi—

DADA: Nisikilize. Nikimweka kichwa vizuri, michirizi inahamia pengine, mfupa unaonekana. Lakini lazima nijue natafuta wapi. Siwezi kumpiga picha kila upande kama bwana harusi, mionzi si maji ya kuoga. Na uvimbe unashuka kooni. Anakoroma huku amefumbua macho. Pigo liliingia wapi?

KIBERITI: Kidevuni. Si nimeshasema?

[Ngo. Ngo.]

DADA: Kwa ngumi?

KIBERITI: Ngumi hii hii, ya kulia—

[Ngo. Ngo.]

KIBERITI: Mtandao wenu huko una ugonjwa gani?

DADA: Achana na mtandao. Mlikuwa mnatazamana?

KIBERITI: Macho kwa macho. Mpaka pumzi yake naisikia, inanuka oili.

[Ngo. Ngo.]

DADA: Daktari yuko mlangoni anasubiri neno langu. Nikisema kidevu, atashughulika na kidevu. Palipovunjika patabaki vilevile, panavimba, panamkaba. Nakuuliza kwa mara ya mwisho.

KIBERITI: Dada, salio linaisha.

DADA: Na pumzi yake pia.

[Mtandao unakwaruza.]

KIBERITI: ...Chini ya sikio.

DADA: Lipi?

KIBERITI: La kulia. Pale taya linapopinda.

DADA: Kwa kitu gani?

KIBERITI: Spana. Ile kubwa, ya kufungulia magurudumu.

DADA: Mara moja?

KIBERITI: Moja.

DADA: Kiberiti.

KIBERITI: Mbili. Ya kwanza ililia kama unavunja kuni. Ya pili alikuwa ameshaanguka, ana... alikuwa anajaribu kuinuka kwa magoti. Ikaingia palepale.

DADA: Na hiyo spana si alikuwa nayo yeye?

KIBERITI: Yeye alikuwa na tochi. Alikuwa ameinama kwenye injini, ananiita nimpe kitambaa. Hakuniona, dada. Hajui ni nani, anaweza kudhani boneti ilimwangukia. Wewe mwambie daktari hiyo sehemu tu, usitaje mtu. Nimekuambia wewe peke yako. Tunajua wawili.

DADA: Daktari, kulia, chini ya sikio. Amepigwa chuma mara mbili. [Kitanda kinasogezwa.] Haya, fundi, inua kidevu kidogo. Polepole. Hapo hapo, usitikisike.

KIBERITI: Unaongea na nani?

DADA: Nilikuambia nimekuweka spika.

KIBERITI: Ndiyo, lakini si uko—

DADA: Simu iko kando ya mkono wake. Hawezi kuongea, kwa hiyo tumepatana: akigonga kitanda mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

[Mtandao unakwaruza. Mlio wa salio kuisha: tii, tii.]

KIBERITI: Dada... hayo yote ameyasikia?

[Ngo.]