Kamusi ya Papa Floribert na neno "iko"

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Papa Floribert Kapapa, fundi mkuu wa mtandao wa kampuni yetu hapa Likasi, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba na miezi minane ya kazi. Directeur Adolphe ameniomba mimi, Matumaini, niliyefanya kazi chini ya Papa Floribert kwa miaka sita, niandike ukurasa mmoja wa kufurahisha kwa ajili ya programu ya sherehe. Nitajitahidi. Lakini nisiwafiche: Jumatatu mtandao wote unabaki mikononi mwangu, na mvua zimeshaanza.

Papa Floribert aliingia kazini Machi 1998, katika chumba cha phonie, enzi ambazo ukitaka kuongea na dada yako wa Kolwezi kwa redio unakaa kwenye benchi ukisubiri zamu, na benchi zima linasikia ugomvi wa familia yenu. Internet ilipofika, yeye ndiye aliyevuta kebo zetu za kwanza mtaani Kikula, duka kwa duka, na ngazi yake begani. Leo wateja zaidi ya mia mbili wanategemea nguzo yetu ya antena kule kilimani, na hakuna bolti ya nguzo ile ambayo mkono wake haujaikaza.

Lakini wengi wenu mnamjua kwa daftari lake. Ni daftari la shule, limefunikwa na plastiki ya mfuko wa mkate, na ndani yake Papa Floribert ameyaeleza maneno ya kazi yetu kwa ajili ya wateja wanaotuona kama waganga. Ping, ameandika, ni kupiga hodi kwenye mashine ya mbali: ikijibu, unapumua, isipojibu, unavaa viatu. Mot de passe, yaani nywila, ni siri inayojulikana na ofisi nzima isipokuwa mwenye kompyuta. Bande passante, yaani upana wa njia ya internet, ni barabara ya kwenda Lubumbashi: kwenye mkataba ni pana, ukifika unakuta malori mbele. Hortense wa mapokezi ameyahifadhi yote kichwani, na mteja akija na hasira anamsomea lile la "ça va aller", yaani itakuwa sawa: maelezo rasmi ya fundi, ukiyasikia, tafuta mshumaa. Wateja wanacheka, na wanarudi nyumbani bila internet wakiwa na moyo mweupe. Kuhusu "urgent", yaani dharura, Directeur, naomba msamaha, lakini imeandikwa hivi: hali inayotokea pale mkubwa anapokosa internet yeye mwenyewe.

Anayecheka tu hajalisoma daftari hilo vizuri. Karibu kila neno lilizaliwa siku ya balaa, kwa sababu Papa Floribert, jamani, ni mtu mwoga. Anasema hivyo mwenyewe bila aibu: "Minye naogopa, njo sababu niko muzima." Anaogopa panya, anaogopa jenereta, anaogopa mise à jour, yaani kusasisha mashine, ya Ijumaa jioni. Ila kitu anachokiogopa kuliko vyote ni radi.

Kwenye nguzo yetu kuna waya mnene wa shaba unaoipokea radi kule juu na kuizamisha ardhini. Mafundi wanauita mise à la terre. Sasa, Likasi hii yetu, nani asiyejua bei ya shaba? Waya ule umekatwa na kuuzwa mara nne. Daftari linasema: mise à la terre ni waya unaopaswa kwenda ardhini, lakini hupitia sokoni. Kwa hiyo kila siku ya msimu wa mvua, kabla hajagusa kitu chochote, Papa Floribert alizunguka nyuma ya nguzo, akaushika waya na kuufuata kwa mkono mpaka unapoingia udongoni. Baada ya hapo ndipo aliporudi kwenye kibanda cha mashine chini ya nguzo na kuandika katika rejista: "Iko", yaani waya upo.

Hapa ukurasa wa kufurahisha unanishinda, na nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema.

Tarehe 14 Januari 2020 nilikuwa na miezi mitatu kazini. Papa Floribert alikuwa kwa mteja, na kazi ya kukagua ilikuwa yangu. Nyuma ya nguzo kulikuwa na matope mpaka kwenye vifundo, nami nilikuwa na viatu vipya. Waya nilikuwa nimeuona jana yake. Nikakaa kwenye kiti, nikaandika "Iko", nikatelemka kwenda kununua maandazi. Mchana akarudi Papa Floribert, mbingu imeshakuwa nyeusi. Akasoma rejista, akaamini mwandiko wangu, akaingia kibandani kuzima mashine. Waya haukuwepo. Wezi walikuwa wameshakata mita tatu asubuhi ileile.

Niliporudi, radi ikiwa imeshapiga, nilikuta mlango umeng'oka, ruta zote zimeungua, na yeye ameketi nje kwenye matope, ananitazama midomo yangu ikitembea na hanisikii. Sikio la kulia lilirudi baada ya siku mbili. La kushoto halijarudi mpaka leo. Nyinyi mnaodhani anaringa mnapomsalimu upande ule, sasa mnajua.

Kwenye ripoti aliandika neno moja: radi. Nilisubiri barua ya kufukuzwa mwezi mzima, sikulala, sikula vizuri. Haikuja. Aliniuliza mara moja tu, taratibu, tukiwa wawili: "Weye uliendaka kuona?" Nikalia. Hakuniuliza tena. Wiki iliyofuata daftari likapata neno jipya, lile ambalo Hortense hulisoma na nyote mkacheka, nami nikajifanya natafuta kalamu: "Iko: neno la mtu ambaye hakwenda kuona."

Jumanne iliyopita amenikabidhi funguo na daftari. Nimelifungua kwenye ukurasa wa mwisho, nikakuta wino mbichi. Redondance, yaani kuwa na cha akiba, ameandika, ni watu wawili wanaoogopa kitu kimoja. Mmoja akipumzika, mwingine anaendelea kuogopa.

Papa Floribert, kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa miaka yote hiyo, kwa ngazi, kwa vicheko, na kwa sikio. Unakwenda Kamatanda na mkeo, Mama Elikia, kufuga kuku, katika nyumba ambayo umeapa haitaingia internet. Tunakuombea siku nyingi za amani na mayai mengi, na usingizi ambao sisi tulikunyima.

Leo asubuhi, kabla ya kuleta ukurasa huu kwa Directeur, nimepanda kilimani. Nimezunguka nyuma ya nguzo na viatu vyangu vya kanisani, nikaushika waya, nikaufuata kwa mkono mpaka ukazama udongoni. Niliogopa, na bado naogopa. Kwa hiyo radi ikinguruma ukiwa na kuku wako, Papa, usiinuke. Minye niliendaka kuona. Iko.