Dada Yetu na Maneno "Wazi Kila Siku"

Ndugu, jamaa na majirani, mdogo wa marehemu, aliyemfuata kuzaliwa, ndiye aliyepewa kazi ya kuwasomea historia hii, na anaomba mumvumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba karani wa posta, akaanza darasa la kwanza Januari 1986, akamaliza kidato cha nne Novemba 1996, na walimu wake walimjua kama mtoto asiyeandika neno asilo na hakika nalo.

Tarehe 4 Mei 2011 aliajiriwa, pamoja na mdogo wake, katika ofisi ya kutengeneza tovuti, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, akiandika kichwa cha ukurasa na ile mistari miwili ya maelezo ambayo mtu huiona kwenye simu anapotafuta kitu mtandaoni, kabla hajabonyeza, kazi ambayo shangazi aliitania kuwa ni kuandika bahasha bila barua. Alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu tarehe 15 Desemba 2012, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 2013 na 2015.

Mwezi Mei 2016 aliandikia kliniki moja ya macho kwamba inafunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, lakini maelezo yalizidi urefu, yakawa yanakatika kwenye simu, na mdogo wake, aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani, akazifuta siku hizo, akaweka "wazi kila siku", wala hakumwambia. Jumapili ya tarehe 12 Juni, fundi wa kuchomelea aliingiwa na kipande cha chuma jichoni, mkewe akamsomea maneno yale, wakavuka mji mzima, wakakuta kufuli, wakangoja ngazini hadi alasiri, na kufika Jumatatu jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Bosi alipouliza ni nani aliyeandika, mdogo mtu aliinamia viatu vyake, dada akasema, "Ukurasa ni wangu, bosi," akaachishwa kazi siku hiyo hiyo.

Tangu hapo alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya cherehani ya mama, hakuandika saa za kufungua za mtu yeyote kabla ya kumpigia simu kumuuliza, na kila mwezi alikwenda karakana kumjulia hali fundi.

Agosti 2024 alianza kuumwa tumbo, vipimo vikaonyesha saratani ya ini, akalazwa wodi namba nne, na huko mdogo wake alipiga magoti akakiri, naye akamjibu, "Nilijua siku ile ile, mdogo wangu, nimeshakusamehe zamani, lakini jicho si langu, nenda kwa fundi." Hakwenda. Dada alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Fundi, uliyekaa hapo safu ya pili, dada yangu hakuandika maneno yale, niliyaandika mimi, nikakuacha miaka minane na ushee ukiamini ni yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliohangaika nasi, na wafanyakazi wenzake wa zamani, ambao nao, kama shemeji na wapwa zangu, wanayasikia haya leo kwa mara ya kwanza.

Dada, wewe pumzika kwa amani, mimi nikitoka hapa mbele naelekea safu ya pili.