Vituo Vyote kwa Pumzi Moja

Ndugu, jamaa na majirani, kaeni. Marehemu alitumia maisha yake kuwaambia watu wasimame nyuma ya mstari. Leo tumechoka, kaeni tu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Mama alisimulia kwamba alilia mfululizo mpaka jirani akaja kuuliza, "Huyu mtoto huwa anavuta hewa saa ngapi?"

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1979. Mwalimu wa lugha alimpa kazi ya kusoma matangazo ya asubuhi, ili angalau mdomo wake uisaidie shule.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa mtangazaji wa stesheni. Kibanda chake kilikuwa juu ya ngazi za chuma, kioo kina ufa, maikrofoni imezungushiwa utepe mweusi. Kila asubuhi alitaja vituo vyote vya treni, cha kwanza hadi cha mwisho, bila kuvuta hewa katikati. Abiria wakambatiza Pumzi Moja. Mmoja wao, fundi wa kufuli, aliachwa na treni akimsikiliza. Walioana tarehe 14 Agosti 1985. "Nilikosa treni moja," shemeji alikuwa akisema, "nikapandishwa nyingine isiyo na breki."

Mwaka 2016 alivunjika mguu, akalala kitandani muda mrefu, na alipoinuka pumzi ilikuwa imepungua. Akaambiwa ni pumu. Akaambiwa ni uzito. Akaambiwa ni umri. Siku alipokatika katikati ya vituo, akavuta hewa ndipo akaendelea, stesheni nzima iliinua macho. Alishuka zile ngazi, akakaa miaka bila kuzipanda. Kila aliyekuja kumwona alisema, "Pole, pumzika." Neno hilo lilimkera kupita maelezo.

"Nipumzike kwa pumzi ipi? Nileteeni pumzi kwanza, kupumzika nitajua mwenyewe."

Akalipiga marufuku nyumbani kwake.

Hatimaye daktari wa mapafu aligundua kiini. Damu iliyoganda mguuni ilikuwa imesafiri, ikaziba mishipa ya mapafu na kugeuka makovu humo. Mishipa iliyoziba ilikuwa myembamba na iko ndani mno, kisu kisingeifikia. Wangepitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka mapafuni, wenye puto dogo nchani. Puto lingejazwa, njia ingepanuka. Ni mishipa michache tu kila safari, kwa hiyo angerudi tena na tena.

Shemeji akauliza, "Sasa daktari, hilo puto litabaki humo humo?"

"Hapana mzee. Linajazwa kidogo, njia ikifunguka linatolewa."

Marehemu akadakia, "Umesikia? Huyo ndiye mgeni mwenye adabu. Si kama wa kwenu."

Tulichoka, tusidanganyane. Benchi lilelile la hospitali, chai ileile iliyopoa, macho mlangoni. Shemeji alijifunza kulala ameketi. Lakini baada ya safari ya tatu, dada alipanda ngazi za kibanda kwa miguu yake, akamwomba maikrofoni msichana aliyemrithi kazi, akaanza. Sisi tulikuwa chini, tunavuta hewa kwa niaba yake. Alitaja kituo baada ya kituo, akaishiwa kikiwa kimebaki kimoja. Kisha sauti yake ikarudi: "Hicho cha mwisho msiwe na wasiwasi nacho, hakuna anayekipita."

Abiria walicheka. Shemeji hakucheka.

Safari ya nne aliikimbilia mwenyewe. Alikitaka kile kituo kimoja. Daktari alikuwa ametuonya waziwazi kwamba njia ikifunguka, damu huweza kuingia kwa nguvu na mapafu yakajaa maji. Alijibu, "Heri nife nikipanda ngazi kuliko kuishi nikizitazama." Alivyoonya daktari ndivyo ilivyotokea. Walihangaika naye siku mbili. Alifariki mchana wa tarehe 22 Juni 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake aliyeandika haya.

Dada, marufuku yako tuliitii mpaka leo. Sasa tuwie radhi, tunaivunja sote kwa pumzi moja: pumzika.